Shauri la Kahawa

Mwaka 1511, mjini Makka, kahawa ilishtakiwa. Aliyefungua shauri hilo ni Kha'ir Beg, ofisa wa watawala wa Kimamluki wa Misri, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia masoko na maadili ya mji. Usiku mmoja aliwakuta watu wamekusanyika karibu na msikiti, wamewasha taa, wanapokezana kikombe. Kesho yake akawaita wanazuoni, akawawekea mbele yao chombo kikubwa kilichojaa kahawa, kama kielelezo kinavyowekwa mbele ya hakimu.

Swali lao lilikuwa la sheria: kitu hiki ni halali au haramu? Lakini swali hilo liliegemea jingine la tiba: kinaufanya nini mwili wa binadamu? Ndipo wakaitwa matabibu wawili, ndugu, wenye asili ya Uajemi. Walitumia elimu ya zama zao, iliyogawa vyakula kuwa vya moto au baridi, vyenye unyevu au vikavu. Wakasema kahawa ni baridi na kavu, na kwamba inaharibu mizani ya mwili. Inasimuliwa kuwa shahidi mwingine alijitokeza akasema inalewesha kama mvinyo. Akaulizwa ameujuaje ulevi wa mvinyo, na ushahidi wake ukamponza mwenyewe. Pengine alichanganywa na jina tu, maana katika Kiarabu cha kale neno *qahwa*, ambalo sisi tumelirithi kuwa kahawa, lilikuwa pia jina mojawapo la mvinyo.

Kahawa ilipigwa marufuku na buni zikachomwa moto. Baadaye ilikuja amri kutoka Kairo iliyolegeza hukumu: vizuizi viwe kwenye mikusanyiko, si kwenye kinywaji chenyewe.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara nakwama mahali pamoja. Makka ile ilikuwa na mamia ya watu waliokunywa kahawa kila usiku, na mamia wengine ambao hawakuigusa. Hakuna aliyefikiria kuwaweka kundi hili na lile ubavu kwa ubavu akatazama nani anaumwa. Matabibu walijua jibu kabla ya kuulizwa.

Nimekulia Kagera, katikati ya mibuni. Kwetu kahawa ilikuwa ya kutafuna kabla ya kuwa ya kunywa. Buni za robusta huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, na mgeni akiingia huwekewa chache kiganjani kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Wazee walizitumia hata katika kuchanjiana udugu wa damu. Bibi yangu alitafuna mchana kutwa na usiku akalala fofofo. Mama alikunywa kikombe kimoja saa kumi jioni, akakesha akihesabu mabati. Jirani mmoja alisema kahawa inakausha damu, mwingine akasema inafungua kifua. Siku hizi mabishano hayo yamehamia kwenye simu: wiki hii utafiti unasema kahawa inarefusha maisha, wiki ijayo unasema inaua moyo. Nilipoanza kufuatilia historia ya utafiti huo nilitaka kujua nani alikuwa sahihi, bibi au mama. Nilichokuta ni habari ndefu zaidi, ya watu waliojifunza taratibu sana kuuliza swali moja: ukilinganisha na nani?

Hatua ya kwanza ilikuwa kukipata kitu chenyewe. Mwaka 1819 kijana mkemia wa Kijerumani, Friedlieb Ferdinand Runge, alimtembelea mshairi Goethe mjini Jena, amebeba paka. Alikuja kumwonyesha jinsi dondoo la mmea wa beladona linavyoipanua mboni ya jicho. Goethe, ambaye mbali na ushairi alipenda sana mambo ya sayansi, alifurahi, akampa zawadi ya buni na kumwambia azichunguze. Muda si mrefu Runge akaitenga kafeini: unga mweupe, mchungu, usio na harufu ya kahawa hata kidogo.

Tangu siku hiyo iliwezekana kuitenganisha kahawa na kile kinachoamsha ndani yake. Mtu angeweza kupimiwa kafeini kwa uzito, bila joto la kikombe, bila mazungumzo ya barazani, bila kashata. Lakini ilipita karibu karne nzima kabla mtu hajaitumia nafasi hiyo kikamilifu, na aliyefanya hivyo alisukumwa na kesi nyingine.

Mwaka 1909 serikali ya Marekani ilikamata mapipa 40 makubwa na 20 madogo ya sharubati ya Coca-Cola iliyokuwa ikipelekwa Chattanooga, jimbo la Tennessee. Kwa mujibu wa sheria yao, mshtakiwa alikuwa mapipa yenyewe, na ndivyo kesi ilivyoandikwa. Nyuma ya mashtaka alisimama Harvey Wiley, mkemia mkuu wa wizara ya kilimo, mtu aliyepigania sheria ya chakula salama na aliyeamini kwamba kafeini iliyotiwa kwenye kinywaji wanachouziwa hata watoto ni sumu. Kesi ilisikilizwa Machi 1911, miaka 400 kamili baada ya ile ya Makka.

Mawakili wa kampuni waligundua upungufu mkubwa: ushahidi mwingi uliokuwepo ulihusu wanyama, na kuhusu akili ya binadamu hapakuwa na kitu cha kutegemea. Wakamtafuta Harry Hollingworth, mwanasaikolojia kijana wa New York. Alihitaji fedha, hasa za kumlipia mkewe Leta ada ya masomo ya juu, naye alijua fika kwamba utafiti uliolipwa na mshtakiwa unanuka. Akaweka masharti: atachapisha matokeo yoyote yatakayopatikana, na kampuni isiyatumie kwenye matangazo.

Wakapanga nyumba Manhattan, wakawaalika watu 16, wengine wazoefu wa kahawa na wengine wasioigusa, wakawapima kwa siku 40. Walipimwa kasi ya vidole, uthabiti wa mkono, kuhesabu, kutaja rangi, na usingizi. Leta ndiye aliyesimamia vipimo. Kila mmoja alimeza kapsuli. Siku nyingine ilikuwa na kafeini, siku nyingine sukari ya maziwa tu, na kwa macho zilifanana. Aliyemeza hakujua amemeza nini. Na hapa ndipo ninapowavulia kofia: hata waliokuwa wakipima hawakujua.

Fikiri ugumu wa jambo hilo. Mtafiti ana bidii, ana maoni, ana mwajiri, kisha anajifunga kitambaa machoni kwa hiari yake. Anafanya hivyo kwa sababu anajijua. Mtu akijua kwamba huyu amemeza kafeini, atauona mkono wake ukitetemeka hata kama umetulia, na saa yake itasimama nukta moja mapema. Jina la kitu kinachopimwa linatosha kupindisha kipimo. Matabibu wa Makka walikipima kitu chenye jina.

Hollingworth aliieleza mahakama kwamba kafeini kiasi kidogo iliongeza wepesi wa mikono na akili bila anguko la baadaye ambalo wengi walilitarajia, na kwamba dozi kubwa ndizo zilizovuruga usingizi. Ushahidi wake ulisifiwa, lakini haukuamua kesi. Jaji aliitupa kwa hoja ya kisheria: kafeini haikuwa kitu kilichoongezwa, bali sehemu ya kinywaji chenyewe. Mwaka 1916 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa hoja hiyo, na mwishowe kampuni ikakubali kupunguza kafeini kwa nusu. Mapipa yakaenda zake. Kilichobaki kwa sayansi ni zile kapsuli zinazofanana.

Somo hilo halikukaa vichwani daima. Machi 1981 jarida kubwa la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti wa kundi la Chuo Kikuu cha Harvard lililoongozwa na Brian MacMahon, mmoja wa wataalamu walioheshimiwa sana wa magonjwa ya jamii. Waliwahoji wagonjwa 369 wa saratani ya kongosho na watu 644 wa kuwalinganisha nao. Wenye saratani walikuwa wamekunywa kahawa nyingi zaidi. Watafiti wakakadiria kwamba, kama uhusiano huo ni wa kweli, kahawa ingeweza kuchangia zaidi ya nusu ya saratani za kongosho nchini mwao. Magazeti yakalipuka.

Tatizo lilijificha kwa wale 644. Wengi wao walikuwa wagonjwa wa madaktari walewale waliowatibu wenye saratani, yaani mabingwa wa tumbo. Mtu anayekwenda kwa bingwa wa tumbo mara nyingi ana vidonda au kiungulia, na mwenye kiungulia huwa ameambiwa, au ameamua mwenyewe, kuacha kahawa. Kwa hiyo haikuwa kwamba wenye saratani walikunywa kahawa kupita watu wa kawaida. Waliolinganishwa nao ndio waliokunywa pungufu. Mwaka 1986 kundi hilohilo lilirudia kazi na uhusiano ule haukuonekana tena, nao wakaandika hivyo hadharani katika jarida lilelile.

Sioni uovu mahali popote katika habari hii. Hesabu zilikuwa sahihi, majibu ya wagonjwa yalikuwa ya kweli. Kilichokosewa ni kumchagua wa kulinganishwa naye.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa kibofu. Mwaka 1991 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kahawa katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya kibofu. Mwaka 2016 likaiondoa. Wanywaji wakubwa wa kahawa, kwenye tafiti nyingi za zamani, walikuwa pia wavutaji wakubwa wa sigara, na si rahisi kuutenga moshi na kikombe pale vinapokaa mkono mmoja. Lakini katika kikao hichohicho cha 2016 shirika lilitamka jambo ambalo halikupata kelele za kutosha kwetu: vinywaji vya moto sana, vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65 za Selsiasi, yaelekea vinasababisha saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Si kitu kilichomo kwenye chai au kahawa. Ni moto wenyewe.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia na Kenya hadi Malawi, ina ukanda ambako saratani ya umio ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia. Watafiti waliokwenda Kilimanjaro na kipimajoto mkononi, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, waliwakuta watu wakianza kunywa chai ikiwa na wastani wa nyuzi zaidi ya 70, na ya maziwa ikinywewa ya moto zaidi kuliko ya rangi. Miaka yote tulibishana kuhusu kilichomo ndani ya kikombe, na hatukuipa mvuke wake nafasi ya kushtakiwa.

Mpaka hapa nimeisimulia habari hii kama mtu aliyekaa mbali nayo. Sikuwa mbali. Dada yangu alijifungua mtoto njiti wa wiki 29, kwa upasuaji, katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa, na usiku wa kwanza yeye hakuweza kusimama. Nikakaa mimi. Mtoto alikuwa na urefu wa kiganja na nusu, kofia imemfunika hadi nyusi. Alikuwa anapumua, anapumua, kisha anaacha. Midomo inageuka rangi. Muuguzi alikuja bila haraka, akamgusa unyayo kwa kidole, mtoto akashtuka na kuvuta pumzi.

"Mama mdogo," aliniambia, "akinyamaza usimtikise. Mguse unyayo tu, kisha niite. Hawa husahau kupumua."

Husahau kupumua. Sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi inakuwa bado haijakomaa, na mtoto aliyetarajiwa kukaa tumboni wiki 11 zaidi hana sababu ya kuijua kazi hiyo. Asubuhi daktari aliandika aminofilini. Nilipoisoma kwenye cheti niliuliza ni dawa gani. Akanijibu kwamba ni ndugu wa kafeini, na kwamba kafeini yenyewe hawakuwa nayo.

Jibu lake lilikuwa sahihi kuliko nilivyoelewa siku ile. Aminofilini hutengenezwa kwa teofilini, kemikali ambayo Albrecht Kossel aliipata kwenye majani ya chai mwaka 1888. Na mwili wa mtoto mchanga una tabia ya ajabu: ukimpa teofilini, sehemu yake huigeuza kuwa kafeini. Zote mbili hufanya kazi kwa kuizuia adenosini, kemikali ya mwili inayotuliza ubongo. Kwa mtu mzima, adenosini hujikusanya kadiri anavyokaa macho na kumletea uzito wa usingizi. Kafeini hukaa kwenye kiti chake, na uzito hausikiki. Kwa njiti, kuizuia adenosini hiyo hukiamsha kituo cha pumzi.

Watafiti wa Montreal, Kanada, akiwemo Jacob Aranda, waliionyesha kazi hiyo ya kafeini mwaka 1977. Dozi ya kuanzia inayotumika ni kubwa: kwa uzito, ni sawa na mtu mzima kunywa vikombe sita hivi kwa mkupuo. Nayo haitoki haraka. Mtu mzima huondoa nusu ya kafeini kwa saa tano hivi, wengine mapema na wengine kwa kuchelewa, kutegemea ini lake, na nadhani hapo ndipo bibi na mama walipoachana. Ini la njiti halijajifunza kazi hiyo. Nusu yake humchukua kama saa 100.

Madaktari wengi walianza kuitumia kwa sababu ilionekana wazi inasaidia: mtoto aliyekuwa ananyamaza, sasa anapumua. Lakini wapo waliokosa amani. Walikumbuka miaka ya 1940 na 1950, watoto njiti walipopewa oksijeni nyingi kwa nia njema na maelfu wakapofuka, kabla majaribio ya kulinganisha hayajaonyesha kwamba oksijeni hiyo ndiyo iliyoharibu macho yao. Tena adenosini huulinda ubongo unapokosa hewa. Je, kama kafeini inaokoa pumzi leo na kuudhuru ubongo kwa kesho?

Barbara Schmidt na wenzake, wakiwa na makao Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliamua kuuliza. Kati ya 1999 na 2004 waliwaingiza kwenye jaribio watoto 2,006 kutoka nchi kadhaa, wenye uzito wa gramu 500 hadi 1,250. Nusu walipata kafeini, nusu maji ya chumvi, kwa kura. Chupa zilifanana. Mzazi hakujua, muuguzi hakujua, daktari hakujua. Ilikuwa kapsuli ya Manhattan, safari hii ikishikilia uhai wa mtoto mwenye uzito wa nusu kilo.

Nimewahi kujiuliza kama ningeweka sahihi kwenye fomu ile usiku ule, huku unyayo wa mtoto uko kwenye kidole changu. Wazazi wa watoto 2,006 waliweka.

Matokeo yalianza kutoka mwaka 2006. Ugonjwa sugu wa mapafu uliwapata asilimia 36 ya waliopewa kafeini na asilimia 47 ya wenzao. Wiki za mwanzo watoto wa kafeini waliongezeka uzito polepole kidogo, kisha tofauti hiyo ikaisha. Mwaka 2007 likaja jibu lililosubiriwa. Watoto walipofikia umri wa miezi 18 hadi 21, waliofariki au kupata ulemavu walikuwa asilimia 40.2 upande wa kafeini na 46.2 upande wa pili. Mtindio wa ubongo ulikuwa asilimia 4.4 dhidi ya 7.3. Walipofika umri wa miaka 11, waliopewa kafeini bado walikuwa na matatizo machache zaidi ya viungo. Ubongo haukudhurika kama ilivyohofiwa.

Mtoto wa dada yangu alipona. Yuko darasa la pili na anakimbia kuliko wenzake. Kila anayemwona anasema, "Dawa ilimsaidia," na mimi naitikia, kwa kuwa ni baraka. Lakini yeye peke yake hawezi kutueleza dawa ilifanya nini. Pengine angepona kwa unyayo kuguswa na kifua cha mama yake tu. Wanaoweza kutueleza ni wale 2,006, wakiwemo waliopewa maji ya chumvi, na wakiwemo waliokufa. Nikisikia mtu anasema kahawa ilimponya fulani au ilimuua fulani, nawakumbuka hao.

Leo kafeini kwa watoto njiti imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza itumike kuwatibu watoto wanaosahau kupumua. Ni salama kuliko aminofilini, ambayo dozi yake ikizidi kidogo mapigo ya moyo hupaa, na hupewa mara moja kwa siku, jambo la maana mno pale muuguzi mmoja anapohudumia watoto wengi usiku kucha. Hata hivyo, katika hospitali nyingi za nchi zenye kipato kidogo, zikiwemo zile zinazolima na kuuza kahawa, bado haipatikani au bei yake haishikiki.

Msimu wa mavuno huko kwetu malori huondoka yamejaa magunia ya buni, yakipita barabara ileile inayokwenda hospitali. Kahawa imeshtakiwa Makka, Chattanooga na Boston, na kila mara imetoka. Shauri lililobaki halimhusu mshtakiwa huyu. Ni kwa nini dawa ambayo ushahidi wake ulipatikana kwa gharama kubwa namna ile haijafika kwenye kabati la wodi ya njiti.